Vita vya Shimo la Tisa katika Hadiwea ya Mzee Tarsem

Sogeeni hapa, nyinyi wote. Wewe wa Suneka unayesema Kisii hakujawahi kufanyika kitu, sogea. Wewe tuliyemaliza fomu foo pamoja na sasa unajifanya uko na mipango, weka hiyo mipango chini ukae. Zima hiyo redio. Nataka kuwapasha habari za vita ambavyo hakuna mtu ameviimba, vita vilivyopiganwa juu ya meza moja ya mbao, kati ya debe la misumari na mifuko ya simiti, Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na nane, kuanzia saa tisa mchana, ambapo mashujaa walikabiliana na adui aliyekuwa mbali safari ya siku nzima, wakapigania mteremko wa nyasi ambayo haijawahi kumea mahali popote duniani. Mmezoea kuambiwa juu ya mikuki. Leo mtasikia juu ya mausi.

Wacha kwanza niwataje wakuu wa vita, kila mtu na sifa zake.

Kulikuwa na Neel, mwana wa Tarsem, Simba wa Nyuma ya Soko, Mlinzi wa Misumari ya Inchi Nne, Mhindi aliyezaliwa Kisii akakulia Kisii, ambaye akiongea Ekegusii na mama wa ndizi, huyo mama hugeuka nyuma kutafuta ni nani ameongea. Kulikuwa na Abhishek, binamu yake, Tembo wa Nairobi, mwenye kukalia kiti cha kuzunguka katika ofisi ya baba yake, ambaye mimi sikuwahi kumwona uso lakini nilimchukia vizuri kabisa, bila shida. Na kulikuwa na mimi Duke, mwana wa Machogu wa Gesima, Mpiga Chapa wa Vidole Viwili, mwenye C pleni kwenye mtihani na heshima pleni nyumbani.

Chanzo cha vita kilikuwa kompyuta. Babu yao hawa wawili, mzee mmoja tajiri wa Nairobi, alinunua kompyuta moja akatangaza ni ya wajukuu wake wawili, mmoja wa Kisii na mwingine wa Nairobi. Hekima ya ajabu hiyo, kama kununulia watu wawili suruali moja. Mwaka mzima ilikaa Kisii, na Abhishek akawa analia kwa simu kila wiki kwamba zamu yake imefika. Mwishowe mzee akachoka na makelele, akatoa amri. Wacheze ule mchezo wa gofu ulio ndani ya hiyo mashine, mashimo tisa, Neel huku Kisii, Abhishek kule Nairobi kwa mashine ya ofisi ya baba yake, kompyuta kwa kompyuta kupitia waya ya simu. Atakayeshinda, mashine ni yake kabisa. Wakitoka sare, inaenda kwa Abhishek, kwa sababu yeye ni mkubwa. Alimzidi Neel miezi minne. Na mvua ikikata simu, hiyo ni mvua ya Kisii, kwa hivyo Kisii itahesabiwa imeshindwa. Mzee alifikiria kila kitu, isipokuwa haki.

Sasa sikilizeni kilichokuwa hatarini, kwa maana Neel alikuwa anapigania mchezo, lakini mimi nilikuwa napigania maisha yangu. Mzee Tarsem hakuniandika kazi kwa sababu nina nguvu ya kubeba simiti. Tazama hii mikono. Aliniandika nimpigie chapa kotesheni, zile karatasi za bei za wateja, kwa hiyo kompyuta. Mashine ikipanda gari la Nairobi, mimi napanda la Gesima. Na Gesima, nyuma ya mlango wa jikoni yetu, kuna msumari, na kwa huo msumari baba yangu alitundika kapu langu la kuchuma majani chai siku ileile nilipomaliza mtihani. Alilitundika tu, akalipanguza vumbi. Kila nikienda nyumbani nakuta limepanguzwa.

Basi siku hiyo Mzee Tarsem alikuwa ameenda Kisumu kuleta mabati, akatuachia duka. Juu ghorofani mama yake Neel, Mama Chanchal, alikuwa amekalia simu ya pili kama askari wa mpaka, kwa kuwa mtu yeyote akiinua mkono wa hiyo simu, vita vinakatika. Kile kidude cha kuunganisha simu kililia kama paka aliyefungiwa ndani ya debe, kikanyamaza, na jina la Abhishek likatokea kwenye kioo. Tukashika mausi, kile kipanya cha kusogezea mshale kwenye kioo. Nasema tukashika, aliishika Neel, mimi nilishika nyuma ya kiti.

Kwa wale ambao hamjui gofu, na najua ni nyote, gofu ni kuupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, halafu unautoa tena mwenyewe. Matajiri huita hiyo mazoezi. Mahali pa mbali unapiga kwa nguvu. Lakini shimo lenyewe liko katikati ya nyasi iliyonyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule, inaitwa grini, na kwa grini nguvu ni ya bure. Grini ina mteremko, na mpira unapinda kufuata mteremko, kwa hivyo ukitaka kupata shimo ni lazima uelekeze pembeni, mteremko wenyewe ukurudishie mpira. Ukibonyeza herufi G, mashine inatandaza wavu wa mistari juu ya nyasi ili usome mteremko. Na huo wavu, ndugu zangu, ndio ulikuwa adui mkubwa kuliko Abhishek. Ukiutazama unaona kilima. Ukipepesa macho unaona bonde. Ukimwuliza Neel anakwambia kilima, ukimwuliza tena anakwambia nyamaza.

Tulikuwa kwa shimo la tano wakati mlangoni palipoingia mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, gamubuti miguuni, mwavuli uliokunjwa chini ya kwapa kama upanga. Jina lake Mong'ina, wa Gesima, ng'ambo ya mto kutoka kwetu. Alitaka gata mbili za kukingia maji ya mvua chini ya paa, pamoja na vishikio vyake.

Gata ziko stoo ya juu, na kuzishusha kunataka watu wawili. Watu wawili tulikuwa vitani. Neel bila kugeuka akamwomba angoje dakika tano.

Mong'ina akaketi juu ya mfuko wa simiti. Akanitazama, akaniuliza kama mimi si kijana wa Machogu. Nikakubali. Akasema amempita baba yangu asubuhi akichuma peke yake, na kapu langu ameliona, linang'aa. Kuna mikuki ambayo huwezi kukinga.

Shimo la sita tukalipata. La saba tukalipata vizuri zaidi, tukawa mbele kwa pigo moja. Dakika tano za Mong'ina zikawa arobaini. Tena na tena alikuwa akiangalia nje, mahali ambapo mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya kilima cha Nyanchwa kama yanavyokusanyika kila siku ifikapo saa kumi, maana mvua ya Kisii ina saa kuliko karani yeyote.

Ndipo, tukiwa shimo la nane, akaingia kwenye historia Fundi Angwenyi, Mjenzi wa Kuta Zilizonyooka, ambaye alikuja kununua waya akasahau waya. Alitutazama tukibishana kama grini inalalia kulia au kushoto, akatingisha kichwa kwa huruma, akatoa mfukoni pimamaji yake, kile kibao chenye kichupa cha maji na povu ndani. Akakipanguza kwa shati. Akakiweka juu ya kompyuta. Lile povu likatembea polepole, likasimama upande wa kushoto.

“Povu hukimbilia juu,” akasema Angwenyi, kwa sauti ya mtu anayefungua kanisa. “Kushoto ndio juu. Hiyo kitu inateremka kulia. Mimi nimejenga shule tatu na hiki kibao, na hakuna hata moja imeanguka.”

Nani angebishana na shule tatu? Neel akaelekeza kushoto sana, ili mteremko urudishe mpira kulia. Mpira ukaenda kushoto, ukaendelea kushoto, ukapita shimo ukiliangalia tu, ukashuka kwenye nyasi ndefu kama mtu anayehama. Tukapoteza pigo, tukawa sawa na Nairobi.

Aliyeelewa ni Neel. Aliinama akachungulia miguu ya meza, halafu sakafu, halafu mlango. Sakafu ya duka la baba yake ilimwagwa simiti kwa mlalo makusudi, ili wakiosha duka maji yatiririke yenyewe hadi barabarani. Angwenyi alikuwa amepima sakafu. Na tena alikuwa ameipima sawasawa kabisa.

“Sakafu ni nzuri,” akasema Angwenyi, akarudisha silaha mfukoni, akakumbuka waya yake.

Sasa tukafika shimo la tisa, la mwisho, ambalo wajukuu wetu watauliza juu yake, kama tutawaambia. Abhishek alicheza kwanza akalimaliza kwa mapigo matano. Neel akapiga mara tatu, na pigo la tatu likaulaza mpira juu ya grini, hatua nane kutoka shimoni. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mwenye C. Akiingiza huo mpira, ni mapigo manne, kompyuta inabaki Kisii. Akikosa, ni sare au mbaya zaidi, na sare ni ya Abhishek, kwa ile miezi yake minne.

Neel akabonyeza G. Wavu ukatandazwa. Kilima. Akapepesa macho. Bonde. Mimi nikaona bonde, nikapepesa, nikaona kilima. Radi ikanguruma mahali fulani upande wa Nyamira. Kwenye kioo maneno ya Abhishek yakatokea, akiuliza kama tumelala au tumeenda kukata ndizi. Neel akatoa miwani, akaipanguza, akaivaa.

“Duke,” akaniambia, “wewe na mimi tumekula chapati sahani moja kwa hii meza. Kama nikikosa, nataka ujue sikukosa kwa kupenda. Nitaelekeza kulia. Naona inateremka kushoto. Hapana. Ngoja. Nitaelekeza kushoto.”

Hiyo ndiyo hotuba ya kamanda wetu kabla ya mapambano. Mimi niliona kapu. Sitawadanganya. Niliona kapu langu lote, na kamba yake.

Hapo nyuma yetu gamubuti zikasogea. Mong'ina alikuwa ameinuka kutoka kwa simiti, akaja akasimama katikati yetu, akaweka ncha ya mwavuli mezani.

“Vijana,” akasema, “mimi nimetoka Gesima saa sita. Leo ni Ijumaa. Jua likizama Sabato imeingia, na jua likizama hakuna mtu wa kwangu atapanda juu ya nyumba kupigilia gata. Mvua nayo haishiki Sabato. Usiku itaingia jikoni kwangu vile iliingia wakati wa El Nino, ikabeba sufuria, ikabeba kuku na kiota chake, na mimi nikiwa nimesimama juu ya kiti naimba nyimbo za Mungu. Kwa hivyo niambieni hii kitu inawasumbua ni nini, tuimalize, mnipatie gata yangu.”

Neel, kwa heshima, akamweleza. Kwamba hii ni nyasi, ule ni mpira, lile ni shimo, na hatujui mteremko unaelekea wapi.

Mong'ina akainamia kioo. Hakuangalia wavu hata kidogo. Alimwambia Neel atoe hiyo nyavu ya kuku, inamziba macho. Neel akabonyeza G, wavu ukaondoka, ikabaki nyasi tupu, na kando ya nyasi, upande wa kushoto, lile dimbwi la mchanga ambalo watu wa gofu huweka ili kusumbua wenzao.

“Hii shamba ni ya nani?” akauliza.

Nikamwambia si ya mtu, ni mchezo.

“Basi huyo mtu ni mjinga, ameacha bila mtaro. Tazama mchanga. Mchanga uko hapa.” Mwavuli ukagonga kioo upande wa kushoto. “Nani alileta? Maji. Maji imetoka kule juu, ikapita hapa karibu na shimo, ikaweka mchanga hapa. Hata kwangu iko hivyo, nyuma ya choo. Ule mpira utaenda kwa mchanga.”

Neel akajaribu kumwelimisha. Alimwambia mama, huo mchanga haukuletwa na maji, uliwekwa na watu waliotengeneza uwanja, ni mapambo ya gofu.

Mong'ina alimtazama vile mtu hutazama mtoto aliyesoma sana.

“Hakuna mtu anabeba mchanga akapeleka juu,” akasema.

Na hapo, enyi mnaonisikiliza, wino wa hatima ulikauka. Kwa maana sisi wawili, mmoja mwenye mashine na mwingine mwenye cheti, tulisalimu amri kwa mama wa gamubuti. Ni kweli. Nani angebeba? Nilimwuliza basi tuelekeze wapi. Akasema kama ni yeye anachimba mtaro wa kugeuza hiyo maji iingie kwa shimo, angeanzia huku juu, akaweka ncha ya mwavuli upande wa kulia, mbali na shimo karibu hatua mbili, mahali ambapo hata kipofu asingelenga.

Neel akasogeza mshale mpaka pale. Akaurudisha, akausogeza tena, kwa hivyo Nairobi nzima ikajua tunaogopa. Matone ya kwanza yakagonga bati. Moja. Mawili. Matano. Ghorofani Mama Chanchal akaanza kusali, nafikiri, au alikuwa anahesabu chapati.

Akabofya.

Mpira ukatoka ukielekea mahali pa kipumbavu kabisa. Ukaenda kulia, kulia, kama ng'ombe aliyeona lango la jirani liko wazi. Nikafumba jicho moja. Halafu, polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha maziwa kwa moto, ukaanza kugeuka. Ukapinda. Ukashuka kama maji, ule mstari uleule wa mwavuli, ukafika ukingoni mwa shimo, ukasimama, na naapa ulitufikiria. Ukatumbukia.

Mashine ikapiga makofi yake ya bandia. Sisi hatukupiga. Neel aliweka paji la uso juu ya kibodi, kwa hivyo ujumbe wa ushindi uliofika Nairobi ulikuwa mstari mzima wa herufi H. Abhishek akajibu akiuliza ni nani ametuonyesha, kwa sababu yeye mwenyewe aliusoma ule mteremko kinyume. Neel akaandika kwamba tumeleta mtaalamu. Kabla jibu halijarudi, radi ikapiga na simu ikakufa, lakini matokeo yalikuwa yameshaandikwa ndani ya mashine zote mbili, na mzee wa Nairobi hakuwa ameweka amri yoyote juu ya radi iliyochelewa.

Nikamwuliza Mong'ina alijuaje. Nilitaka siri, mbinu, kitu cha kuwasimulia nyinyi.

“Jirani yangu anakaa juu,” akasema. “Mimi nakaa chini. Ukikaa chini utajua tu. Sasa gata.”

Tulizishusha gata mbio kuliko zilivyowahi kushushwa katika enzi yoyote ya Tarsem. Neel akaongeza vishikio vinne bure, kwa jina la jeshi. Angwenyi akaachiwa duka. Na ikawa kwamba mimi na Neel tulizibeba zile gata mabegani, moja ndani ya nyingine, futi kumi za bati linalong'aa, tukaongoza msafara wa ushindi kuteremka barabara hadi stendi ya magari ya Nyamira, Mong'ina kando yetu chini ya mwavuli wake. Neel alitaka kutangulia. Nikakataa. Nilimwambia wewe umepata kompyuta, mimi wacha nipate utukufu. Nikashika mbele, kidevu juu, kama mtu anayeingia mji alioushinda, na watu wa soko wakinitazama kutoka chini ya maturubai yao.

Mvua ikafunguka. Sasa fikirieni wenyewe, maana mimi sikufikiria. Gata imefunguka juu. Barabara inateremka. Neel yuko nyuma, juu. Mimi niko mbele. Maji yote ya mbinguni yaliyoangukia lile bati yalijikusanya, yakapata njia, yakaja mbio futi kumi bila kupinda hata kidogo, yakaingia kwa kola ya shati langu na kutokea kwa suruali.

Mong'ina hakusimama. Aliinua mwavuli kidogo ili anione vizuri.

“Kijana wa Machogu,” akasema, “leo wewe ndiye unakaa chini.”

Basi iandikwe. Iandikwe kwamba siku hiyo Kisii iliipiga Nairobi kwa pigo moja, kwamba gata zilifika Gesima jua likiwa bado na kidole kimoja juu ya kilima, zikapigiliwa, na jikoni ya Mong'ina ikalala kavu usiku wa Sabato. Iandikwe kwamba mashine iko palepale mezani, na meza imewekewa kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, kwa amri ya Fundi Angwenyi. Jumapili nilienda nyumbani. Kapu lilikuwa kwa msumari wake, limepanguzwa, lakini baba yangu alikuwa ameshasikia habari kutoka ng'ambo ya mto. Aliniuliza jambo moja tu: ni kweli kuna watu hubeba mchanga wakapeleka juu? Nikamwambia ni kweli, tena kwa lori, na wanalipwa. Akatingisha kichwa, akaenda, akatoa kapu kwa msumari, akalijaza viazi, likapata kazi nyingine.